Tiba ya mwanga kwa MF, limfoma ya ngozi ya watu wazima: maswali yanayorudi kila mara

Ukurasa huu ni wa wagonjwa wa Dar es Salaam na ndugu wanaowasindikiza. Dozi zilizotajwa ni za kukusaidia kuelewa kadi yako ya dozi na kumuuliza daktari maswali yenye maana. Si za kujipangia mwenyewe.

## Ugonjwa wenyewe

1. Kwenye fomu wameandika "mycosis fungoides". Ni fangasi?

Hapana, na dawa za fangasi haziusaidii. Mwaka 1806 daktari Mfaransa Jean-Louis Alibert aliona mgonjwa mwenye vivimbe vilivyofanana na uyoga, na jina hilo la Kilatini likabaki mpaka leo likiwapotosha watu. Ugonjwa wenyewe ni saratani ya seli T, aina ya chembe nyeupe za damu, ambazo hukusanyika kwenye ngozi. Madaktari huuita MF kwa kifupi. Hauambukizi: kanga, kitanda na sahani mnaweza kutumia pamoja.

Huwapata zaidi watu waliovuka miaka 50, wanaume kuliko wanawake. Huanza na mabaka yenye ukavu na muwasho, hasa matakoni, mapajani, kiunoni na kwenye matiti, yaani sehemu zinazofunikwa na nguo. Kwenye ngozi nyeusi mabaka yanaweza kuwa meupe kidogo, meusi zaidi, au ya kijivujivu. Wekundu unaosomwa vitabuni mara nyingi hauonekani.

2. Kwa nini mzee wetu alitibiwa pumu ya ngozi miaka mingi kabla ya hili kugundulika?

Kwa sababu mwanzoni MF inafanana na pumu ya ngozi, choa na mbalanga, na hata chini ya darubini dalili zake huwa hafifu. Ni kawaida kukatwa vipande vya ngozi mara mbili au tatu, kwa miezi au miaka tofauti, ndipo jibu litoke.

Kuna jambo moja linaloharibu kipimo hapa kwetu kuliko mengine: krimu zenye steroidi, kama klobetasoli, zinazopatikana bila cheti, pamoja na mkorogo wa kung'arisha ngozi ambao mara nyingi huwa na steroidi hiyohiyo. Zinatuliza seli zinazotafutwa. Daktari akisema acha krimu wiki mbili hadi nne kabla ya kukatwa kipande, acha kweli, na umwambie ukweli kama umekuwa ukipaka mkorogo. Hakuna atakayekugombeza, na akikugombeza, bora lawama kuliko jibu la uongo.

Baka jeupe lisilohisi mguso au joto lipimwe ukoma kwanza. Ukoma bado upo nchini, unatibika kwa vidonge, na mwanga hauutibu.

3. Ni hatua gani ya ugonjwa inayofaa mwanga?

Hatua ya mabaka, na ya mabaka yaliyoanza kunenepa kidogo. Madaktari hupima eneo kwa kiganja cha mgonjwa mwenyewe: kiganja pamoja na vidole ni karibu asilimia 1 ya ngozi yote. Viganja visivyofika 10 ni hatua ya 1A. Vikifika 10 au zaidi, bila tezi wala uvimbe, ni 1B. Watu wengi wa 1A huishi umri sawa na wenzao wasio na ugonjwa, ndiyo maana daktari hakimbilii dawa kali za kuingiza mwilini. Vivimbe na vidonda vinahitaji tiba nyingine. Hapo mwanga peke yake hautoshi.

## Mwanga unaotumika

4. Hii ndiyo ile mionzi ya hospitali ya saratani ya Ocean Road?

Si ileile. Mkanganyiko unatokana na neno "mionzi" kutumika kwa vyote viwili. Mionzi ya mashine za saratani hupenya mwilini kufikia uvimbe ulioko ndani. Mwanga tunaouzungumzia ni sehemu ya ule uliomo kwenye jua, unaishia kwenye ngozi, haunyonyoi nywele wala hauchomi tumbo. Mgonjwa wa MF anaweza kupelekwa Ocean Road kwa sababu nyingine, kwa mfano uvimbe mmoja mkaidi unaohitaji mionzi hasa. Hiyo haina maana kwamba tiba ya mwanga imeshindwa.

5. UVB na PUVA zinatofautianaje?

UVB ni aina ya mwanga wa jua usioonekana kwa macho (UV). Inayotumika ni ya mkanda mwembamba, yaani urefu wa wimbi wa nanomita 311 hivi. Hainywewi dawa yoyote. Unaingia kwenye kabati la taa, unapigwa mwanga, unatoka. Inafika tabaka la juu la ngozi, na seli T zilizopotea njia zikipigwa nayo hufa. Kwa mabaka membamba, na hasa yale meupe yanayoonekana sana kwa watu weusi, ndiyo huanza kufikiriwa.

PUVA ni dawa pamoja na mwanga. Unameza psoraleni, dawa inayoifanya ngozi iathirike zaidi na mwanga, kiasi cha miligramu 0.6 hivi kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 ni miligramu 36, na daktari hukadiria kwa vidonge vilivyopo. Baada ya saa moja na nusu hadi mbili unapigwa UVA, aina nyingine ya mwanga huo wa UV, ambayo huenda chini zaidi. Hivyo inafaa mabaka manene, na ngozi nyeusi sana ambayo huzuia UVB nyingi juujuu. Gharama yake ni kichefuchefu (meza na chakula chepesi, si tumbo tupu) na macho. Psoraleni huingia mpaka kwenye lenzi ya jicho, kwa hiyo miwani ya kuzuia UVA huvaliwa tangu kumeza mpaka saa 12 hadi 24 baadaye, wakati wote wa mwanga wa mchana.

Hapo ndipo wengi hukosea. UVA inapita kwenye kioo. Kukaa dirishani kwenye daladala kutoka Muhimbili hadi Mbagala, kioo kimefungwa, bado ni kupigwa UVA, na upande mmoja wa uso unaweza kuungua. Kaa upande wa kivuli, vaa mikono mirefu na kofia pana, na bajaji siku hiyo si usafiri mzuri.

6. Jua la Dar ni kali hivi. Si nikae tu uani asubuhi?

Swali hili lina mantiki. Mabaka ya MF hupenda sehemu zisizoona jua, na mwanga ni dawa kweli. Tatizo ni kipimo. Saa 3 asubuhi na saa 6 mchana ni majua mawili tofauti, wingu likipita hesabu inabadilika, na jua halikuletei nanomita 311 peke yake bali mchanganyiko mzima, pamoja na mawimbi yanayounguza kabla hayajatibu. Zaidi ya hayo, mzee atahitaji kuvua nguo hadi matakoni mara tatu kwa wiki kwa miezi. Uani kwa majirani wa Manzese hilo haliwezekani. Ukiwa kwenye tiba, jua la ziada pia linaharibu hesabu ya kadi. Siku ya tiba usianike ngozi.

7. Nimeona taa za UV zinauzwa Kariakoo. Ninunue moja?

Usinunue. Za kukagulia noti na za kukaushia rangi ya kucha saluni hutoa UVA. Za kuua vijidudu hutoa UVC, aina ya tatu ya UV, ya nanomita 254, na dakika chache tu zinatosha kukupa macho mekundu yenye maumivu usiku kucha. Taa ya tiba imeandikwa "TL-01" au "311" kwenye mrija wake, na hata hiyo bila kipima-mwanga na kadi ni hatari.

## Kabla ya kuanza

8. Nani hapaswi kupewa?

Mwenye lupasi (kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe), mwenye magonjwa ya kurithi yanayofanya ngozi ishindwe kujitengeneza baada ya jua, mwenye pofiria (ugonjwa unaoweza kufanya ngozi iumizwe na mwanga), na aliyewahi kuugua melanoma (saratani kali ya ngozi). Mtu mwenye ualbino naye hapaswi kuingia kwenye kabati. Ngozi yake haina kinga, na jua peke yake tayari linamletea saratani nyingine za ngozi. MF yake itibiwe kwa njia nyingine. Kwa PUVA ongeza mwenye mtoto wa jicho ambaye hajafanyiwa upasuaji, na mwenye ini bovu.

9. Mzee anatumia dawa za presha. Kuna shida?

Inategemea ni zipi. Vidonge vya kukojoza, hasa haidroklorothiazaidi na kwa kiasi fulani furosemaidi, huifanya ngozi iungue kwa dozi ndogo. Vivyo hivyo doksisaiklini, siprofloksasini, Septrin na amiodaroni. Usiziache mwenyewe. Presha iliyopanda ni hatari zaidi ya baka. Weka vidonge vyote kwenye mfuko mmoja, pamoja na vile vya mitishamba, na upeleke. Daktari atabadilisha dawa au ataanza na mwanga mdogo zaidi. Dawa mpya ikiongezwa katikati ya tiba, mwambie mhudumu kabla hujavua shati.

Mitishamba, tunaitaja kwa makusudi. Mimea kadhaa ina psoraleni ya asili. Ndimu ni mfano unaojulikana: maji yake yakibaki mkononi ukatoka juani, unapata alama nyeusi zenye malengelenge. Marashi mengine yana mafuta ya jamii ya machungwa yanayofanya hivyohivyo shingoni.

10. Niulize nini nikipiga simu hospitali?

Usiulize "mna tiba ya mwanga?" tu. Uliza: kabati lina taa za UVB ya mkanda mwembamba au UVA? Taa ngapi zinawaka leo? Mwanga wake ulipimwa lini mara ya mwisho? Siku zipi, saa ngapi, na yupo mhudumu wa kike? Bima inalipia kila kikao au inahitaji kibali kipya kila mwezi? Ukishajibiwa, piga hesabu ya nauli: vikao vitatu kwa wiki kwa miezi mitatu ni kama 36, yaani safari 72 kwenda na kurudi, na mara mbili yake kama mzee anasindikizwa. Wengi huacha tiba katikati kwa sababu ya nauli kuliko kwa sababu ya ngozi, kwa hiyo lijadilini kifamilia mapema. Rufaa ya nje ya Dar mara nyingi humaanisha Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC.

## Siku ya tiba

11. Kinafanyika nini hasa ndani ya kabati?

Unavua nguo, unavaa miwani myeusi ya kuziba, mwanaume anafunika sehemu za siri kwa chupi nene ya rangi nzito au soksi, na uso unafunikwa kama hauna mabaka. Unasimama katikati, mikono imeachana na mwili. Feni inavuma. Mhudumu anaweka dozi, taa zinawaka rangi ya samawati, zinazima zenyewe. Mlango haufungwi kwa ufunguo. Ukihisi kizunguzungu, sukuma utoke.

Jambo dogo lenye madhara makubwa ni kuvaa kilekile kila mara. Mama aliyeingia na kilemba kwa vikao 15, akakivua cha 16, shingo na masikio yake yanapokea kwa mara ya kwanza dozi ambayo ngozi nyingine imeizoea polepole. Ataungua hapo tu. Chupi fupi baada ya chupi ndefu, hadithi ni hiyohiyo.

12. Dozi inahesabiwaje? Mbona mwenzangu anakaa muda mrefu kuliko mimi?

Dozi haipimwi kwa dakika. Inapimwa kwa milijuli (kipimo cha nishati ya mwanga) kwa kila sentimita ya mraba ya ngozi. Dakika zinategemea nguvu ya taa siku hiyo.

Chukua mfano. Kwa ngozi nyeusi sana, ratiba moja inayotumika sana huanza na milijuli 400 na kuongeza 65 kila kikao. Kabati likitoa milijuli 5 kwa sekunde, kikao cha kwanza ni 400 gawanya kwa 5, sekunde 80. Kikao cha 20 kitakuwa milijuli 1,635, yaani sekunde 327, dakika tano na ushee. Mwenzako mweupe zaidi alianzia chini na anaongezewa kidogo.

Sasa taa zimebadilishwa, mpya zinatoa 8 badala ya 5. Mhudumu asipopima upya akakuweka sekunde 80 zilezile, utakuwa umepokea 640, asilimia 60 zaidi. Ukiona mirija mipya inang'aa, uliza: "Umepima upya?" Si ujuaji, ni ngozi yako.

13. Nipake mafuta gani?

Mafuta mepesi, tabaka jembamba, kwenye mabaka yenye magamba: mwanga unapita vizuri zaidi. Mafuta ya nazi kidogo yanatosha. Tabaka nene la mafuta mazito ya mgando huzuia UVB, na krimu yenye asidi ya salisiliki nayo huizuia, kwa hiyo hizo ni za baada ya kikao. Marashi ni baada pia, na ikibidi kwenye nguo. Hina nzito juu ya baka humfanya mhudumu ashindwe kuona ngozi iliyoungua.

## Mambo yakienda kombo

14. Nitajuaje nimeungua kama ngozi yangu haionyeshi wekundu?

Kwa mkono. Weka kiganja kwenye baka na kwenye ngozi ya jirani. Ikiwa pana joto, panauma ukigusa, panabana kama ngozi imekauka kwa chumvi, au pamekuwa peusi na kung'aa, umeungua. UVB hufikia kilele ndani ya saa 24 hivi. PUVA huchelewa, siku ya pili hadi ya nne, ndiyo maana vikao vyake havifuatani siku mbili mfululizo. Mwambie mhudumu kabla ya dozi inayofuata. Joto dogo lililokwisha kabla ya kikao: hawaongezi. Maumivu yaliyobaki: wanaruka kikao. Malengelenge: unamwona daktari.

15. Umeme ukikatika nikiwa ndani?

Toka, na mhudumu aandike sekunde zilizokwisha. Kama ni 40 kati ya 80, umepokea milijuli 200. Umeme ukirudi muda huohuo unamaliziwa 200 zilizobaki. Kuanza upya ni kupigwa 600. Kituo kikitumia jenereta, umeme ukiwa mdogo taa hutoa mwanga hafifu hata kama saa inahesabu kama kawaida, na mgonjwa anapokea pungufu ya kilichoandikwa.

16. Nimekosa vikao. Naendelea nilipoishia?

Ngozi husahau haraka. Utaratibu wa kawaida kwa UVB: siku 4 hadi 7, dozi ileile ya mwisho. Wiki moja hadi mbili, inapunguzwa kwa robo. Wiki mbili hadi tatu, nusu au kuanza upya. Zaidi ya hapo, mwanzo kabisa. Mgonjwa anayeficha kwamba alisafiri msibani Tanga siku 12 anapewa dozi ya mtu aliyekuwepo, na anaungua.

17. Vikao 20 vimepita, baadhi ya mabaka hayaondoki.

Vikao 20 hadi 40 ni kawaida, na mabaka meupe hurudisha rangi taratibu hata baada ya ugonjwa kutulia. Kwanza angalia yako wapi. Kwapani, kinenani, chini ya matiti, kwenye mkunjo wa tumbo, kati ya matako na nyayoni mwanga haufiki. Kwa wazee ngozi hulegea na mikunjo huongezeka. Mama anyanyue matiti kwa mikono, mzee mwenye kitambi ainue mkunjo, mguu uwekwe kwenye kigoda kidogo. Sehemu hizo zianze na dozi ndogo (sababu ipo swali la 11), au zipakwe krimu aliyoandika daktari. Baka lililonenepa ni suala tofauti: huenda ni wakati wa PUVA.

## Hali za pekee

18. Bibi hawezi kusimama dakika tano.

Mshiko wa ukutani ndani ya kabati unasaidia. Kiti kinafanya mapaja na matako, yaani palepale penye ugonjwa, yakose mwanga. Baadhi ya vituo hugawa dozi mara mbili, katikati akapumzika nje. Anywe maji na ale kabla, na asiingie mara baada ya kumeza dawa ya presha inayomletea kizunguzungu.

19. Ramadhani nifanyeje?

UVB haina kitu cha kumeza. Tatizo ni kiu na joto la kabati, kwa hiyo omba kikao cha mapema asubuhi. PUVA inagongana na funga, kwa sababu psoraleni inamezwa na chakula mchana. Ongea na daktari mwezi kabla, pamoja na sheikh wako kuhusu ruhusa ya mgonjwa. Kuruka wiki nne kimyakimya kunakurudisha mwanzo (swali la 16).

20. Mabaka yameisha. Naacha?

Usikate ghafla. Kawaida hupunguzwa: mara mbili kwa wiki kwa mwezi mmoja au miwili, kisha mara moja, kisha kwa nafasi ndefu zaidi. MF hurudi mara nyingi, na kurudi si kosa la mtu. Ikirudi kama mabaka, mwanga unaweza kutumika tena. Weusi wa jumla uliokuja na tiba hufifia polepole ukishamaliza.

21. Mwanga wenyewe hauleti saratani?

Kwa PUVA nyingi, ndiyo, hatari ipo, wazi zaidi kwa watu weupe. Madaktari huhesabu vikao vya maisha yote na husita vikikaribia 150 hadi 200. UVB ya mkanda mwembamba ina rekodi nzuri zaidi, lakini nayo huhesabiwa. Tunza kadi zote, hata za hospitali nyingine. Kadi iliyopotea ni vikao ambavyo hakuna anayevijua.

22. Lini tusisubiri kikao kijacho?

Uvimbe mpya unaokua, kidonda kinachotoa usaha, homa, tezi kwapani au kinenani (mitoki) zisizoshuka, au ngozi karibu yote kuwa ya moto na kuchubuka. Nenda hospitali siku hiyohiyo na kadi ya dozi mkononi, na msiingie kwenye kabati mpaka daktari aone.